Inatoa Ngapi kwa Dakika?

Abeidi alipapasa mtungi mwekundu kama dalali mnadani:
"Dada Somoe, lita mia tatu hizi.
Masasi nzima hakuna mwenye kama huu."
Kweli ulikuwa mzuri. Uling'aa hata nikajiona humo,
kitambaa kichwani, rangi ya kijivu kwenye kucha,
bahasha ya malipo ya korosho kwapani.

Nikauliza: inatoa ngapi kwa dakika?

"Lita mia tatu, dada, si nimesema?"

Hizo ni za kukaa. Nauliza za kutoka.
Pipa kubwa si kisima.
Ukilichota kwa kata mbili huku bomba linadondosha,
utafika chini, ukwaruze bati.

Mwaka juzi kaka yangu Bakiri alinunua kimashine cha magurudumu,
kilichokuja na zawadi ya fulana.
Tulikiwasha pale Mkuti
siku Namkopa alipoleta Fuso, magunia hadi angani,
tairi la nyuma limelala.
Nati ya kwanza: trrrr, ikatoka.
Ya pili ikatoka.
Ya tatu ikageuka nusu, ikagoma.
Tukangoja mshale upande.
Nati kumi, na kila mbili, chai.
Namkopa hakusema neno. Alivua shati,
akachukua spana na kipande cha bomba cha kuirefusha,
akafungua nane zilizobaki kwa mwili wake,
akalipa nusu.

Na msasa je?
Msasa wa upepo haunywi kwa mafunda, unanyonya
kama ndama aliyefungiwa usiku kucha.
Kimashine kilikimbia tangu saa mbili bila kutua,
kichwa kikafaa kukaangia mayai,
saa nane harufu ya waya ikatupa taarifa.
Bakiri akalaumu umeme.
Umeme siku hiyo ulikuwepo wote.

Ndiyo maana nina daftari. Nikalifungua juu ya kaunta.
Bunduki ya nati: mia mbili hamsini, lakini kwa vipande.
Bunduki ya rangi: mia mbili themanini,
na ikipungukiwa inatema madoa kama mtoto aliyekataa uji.
Msasa: mia tatu ishirini, mfululizo.
Havifanyi kazi pamoja, mikono yangu ni miwili,
basi namchukua mlafi wao peke yake,
namwongezea robo,
kwa ajili ya mpira unaovuja na joto la Novemba.
Mia nne. Tena mshale ukiwa baa sita, si sifuri.

Abeidi akainamia kibati ubavuni mwa ule mwekundu.
"Mia nne na kumi!" akashangilia.
Hizo ni za kumeza, nikamwambia. Soma chini yake.
Akasugua vumbi kwa kidole gumba.
Mia mbili na tisini.
Hakunitazama.

Nyuma ya mifuko ya saruji kulikuwa na mashine nyingine,
kijani kilichopauka, mtungi lita mia na hamsini tu,
lakini kichwani silinda mbili nene,
na gurudumu la mkanda pana kama ungo.
"Hiyo ya fezi tatu, dada. Hakuna anayeitaka."
Mimi fezi tatu ninayo:
nimepanga mgongoni mwa mashine ya kukoboa mpunga,
mita moja, ugomvi wa luku kila mwezi.
Inatoa mia nne na ishirini.
Bei aliitaja akitazama barabarani.

Sasa kila jioni nafungua koki chini ya tumbo lake,
maji yanachuruzika, wakati wa mvua kikombe kizima.
Nisipoyatoa, kesho yatatoka kwenye rangi ya mtu.

Jana nilikuwa nasugua mlango wa Noah.
Nikasimama kidogo kubadili karatasi ya msasa.
Mashine ikapanda, ikapanda,
ikalia tak! ikanyamaza.

Bakiri akatoka mbio ndani, kijiko cha ubwabwa mkononi.
"Imeungua?"

Imeshiba.

Hakuniamini. Alibaki pale mlangoni, pua juu,
akinusa waya.